Sauti Zisizokuwapo: Uhakiki wa Mipango Mipya ya Kinanda cha Mdomo

Wahakiki wa sanaa wamezoea kuvipima vyombo vya muziki kwa ukubwa wa umbo lake. Gambusi, kanuni, nyatiti na zeze vimeandikiwa kurasa nyingi. Kinanda cha mdomo, ambacho hutoshea katika mfuko wa shati, hutajwa kwa sentensi moja kama kichezeo cha watoto, kisha mwandishi akaendelea na safari yake. Madhumuni ya makala haya si kukitetea chombo hiki, kwani kimekwisha jitetea chenyewe. Tunanuia kuchunguza suala moja tu: mpigaji anapotaka kukitumia kwa aina ya muziki ambayo hakikutengenezewa, je, abadili upigaji wake, ama akibadili chombo? Suala hili si geni kwa wanaisimu, na tutaonyesha hapo mbele kwa nini linastahili nafasi katika jarida la lugha.

Yafaa msomaji ajue tangu mwanzo tunasema tukiwa tumesimama wapi. Mwandishi alikipiga kinanda hiki alipokuwa mwanafunzi wa sekondari, akakiacha alipoanza kusomesha, akakirudia baada ya miaka zaidi ya ishirini. Alipokirudia alikuta mambo mawili. La kwanza ni kwamba pumzi yake ilikuwa fupi kuliko alivyoikumbuka. La pili ni kwamba chombo chenyewe hakikuwa tena kimoja. Siku hizi huuzwa vinanda vyenye sura ile ile na matundu kumi yale yale, lakini ndani yake sauti zimepangwa vingine: hiki kimepangiwa nyimbo za huzuni, hiki nyimbo za Ayalandi, hiki muziki wa kantri wa Marekani. Mtu aliyekuwa akijua chombo kimoja anajikuta mbele ya ukoo mzima.

Neno moja kuhusu jina. Wapo wasemao harmonika, na hatuna ugomvi nao. Sisi tumeshika kinanda cha mdomo kwa sababu neno kinanda limekwisha beba gambusi, gramafoni na ogani ya kanisani, na halikulalamika. Mzigo wa nne hautalivunja mgongo.

Tuanze na chombo chenyewe kilivyo, kwani hukumu yoyote itakayofuata inategemea jambo hili. Ndani ya kinanda cha matundu kumi mna vilimi ishirini vya shaba. Kila tundu lina vilimi viwili: kimoja huitika mpigaji anapopuliza, cha pili anapovuta pumzi. Tukitumia majina ya sauti ambayo wanakwaya wetu wanayajua vyema, basi mwenye kupuliza tundu la kwanza hadi la kumi atasikia do, mi, so, do, mi, so, do, mi, so, do. Mwenye kuvuta atasikia re, so, ti, re, fa, la, ti, re, fa, la. Mpango huu huitwa mpango wa Richter, na ndio uliotumika katika vinanda vilivyotoka Trossingen, Ujerumani, ambako Matthias Hohner alianza kazi yake mwaka 1857, na ndio uliomo katika kinanda mashuhuri kiitwacho Marine Band, kilichoanza kutengenezwa mwaka 1896.

Msomaji mwenye makini atakuwa amekwisha ona kasoro. Oktava ya kati, yaani tundu la nne hadi la saba, imekamilika: do, re, mi, fa, so, la, ti, do. Oktava ya chini haina fa wala la. Oktava ya juu haina ti. Tena, so imewekwa mara mbili upande wa chini, kwa kuvuta tundu la pili na kwa kupuliza tundu la tatu, kana kwamba fundi alikuwa na vilimi vingi vya so na hakujua pa kuvipeleka.

La hasha, fundi alijua alilokuwa akilitenda. Aliyaacha matundu ya chini yapungukiwe na sauti ili yaweze kutoa mafungu ya sauti zinazolia pamoja. Ukiyapuliza matundu matatu ya kwanza unapata do, mi, so. Ukiyavuta manne unapata re, so, ti, re. Mafungu hayo mawili yanatosha kuuandama wimbo wowote wa kijijini katika Ujerumani ya karne ya 19, au muziki wa kuchezea watu wawiliwawili. Mpigaji hupiga wimbo kwa matundu ya juu na ulimi wake huyafungua ya chini kwa mapigo. Upungufu, basi, ulikuwa bei ya mafungu hayo. Tunalitilia mkazo jambo hili kwa sababu watu wengi waliokusudia kukirekebisha kinanda hiki wamesahau kwamba pengo hilo lilikuwa na kazi.

Chombo hiki kilipofika Marekani kwa maelfu, kwa bei ambayo hata kibarua aliimudu, kiliangukia mikononi mwa watu ambao hawakuwa na haja na muziki wa vijiji vya Wajerumani. Wamarekani Weusi wa Kusini walikigeuza nje ndani. Badala ya kuifanya do kuwa nyumbani, waliifanya so kuwa nyumbani. Yaani kinanda cha C walikipiga katika ufunguo wa G. Kwa hatua hiyo moja mambo mengi yalibadilika. Fungu la nyumbani likawa la kuvuta, si la kupuliza, na pumzi inayoingia humpa mpigaji uwezo mkubwa zaidi wa kuitawala sauti katika matundu ya chini. Sauti ya saba ikawa fa, ambayo iko nusu sauti chini ya ile inayotarajiwa na sikio la Kizungu. Na hapo ndipo lilipogunduliwa jambo kubwa kuliko yote: mpigaji akibadili umbo la kinywa na mahali pa ulimi huku akivuta, kilimi hushuka sauti. Tundu la pili hushuka kutoka so hadi fa. Tundu la tatu hushuka kutoka ti hadi la, na hata chini yake kidogo. Kwa maneno mengine, sauti zile zile ambazo fundi wa Ujerumani hakuziweka ziliweza kupatikana, lakini kwa kuzipinda.

Tunasema kuzipinda, si kuzibonyeza. Anayepinda hawezi kuruka kutoka ti hadi la bila kupita njiani, na njia hiyo ndiyo bluzi. Kati ya ti na sauti iliyo nusu chini yake ipo sauti isiyo na jina katika sol-fa, na mpigaji hodari hukaa hapo kwa muda anaotaka. Msikilizeni DeFord Bailey akiliigiza gari-moshi katika "Pan American Blues," aliyoirekodi mwaka 1927, au Little Walter katika "Juke" ya mwaka 1952, ambamo kinanda kimeshikwa pamoja na kipaza sauti na kimekuwa chombo kingine kabisa. Mtu akiuliza fa na la ya chini zimo wapi katika muziki huo, jibu ni kwamba zimo, ila kila moja imekuja na historia yake, na imetolewa jasho.

Jambo dogo kuhusu fa linafaa kutajwa hapa, hasa kwa wale wanaodhani kwamba sauti za piano ni sheria ya maumbile. Katika vinanda vya zamani vya mpango huu, fa ilichongwa kwa makusudi iwe chini ya fa ya piano kwa karibu sehemu tatu za kumi za nusu sauti, ili ikilia pamoja na so, ti na re iyeyuke ndani yao bila mtetemo. Mwenye kuipiga peke yake akishindana na piano ataiona imepotoka. Mwenye kuipiga ndani ya fungu lake ataiona tamu. Usahihi wa sauti, kama usahihi wa neno, hauamuliwi nje ya sentensi.

Sasa tuje kwenye mipango mipya. Hatutaipitia yote, kwani mingine haistahili wino. Utaratibu wa kuibadili sauti ni rahisi kuueleza: ukikwangua shaba karibu na ncha ya kilimi, sauti hupanda, ukikwangua karibu na shina, pale kilipofungwa, sauti hushuka. Kila mwenye tupa ndogo na subira anaweza kujaribu. Kwa hivyo mabadiliko haya hayakusubiri viwanda. Wapigaji wa kantri wa Nashville, na jina linalotajwa mara nyingi ni la Charlie McCoy, waliona kwamba upigaji wa kuifanya so kuwa nyumbani uliwapa utamu wa bluzi lakini ukawanyima sauti ya saba ya kawaida, ambayo nyimbo zao zinaihitaji. Wakapandisha fa ya tundu la tano nusu sauti. Kilimi kimoja, basi. Aliyetaka kuirudia fa ya zamani aliweza kuipinda kutoka juu, kwani kwa kupandishwa huko tundu la tano, ambalo halikuwa likipindika vyema, lilipata nafasi ya kupindika. Huu ni mfano wa badiliko linalotoa zaidi ya linavyochukua.

Mtu aliyeipeleka fikira hii madukani ni Lee Oskar, mzaliwa wa Copenhagen, aliyepata kuwa mmoja wa wapigaji wa bendi iitwayo War. Kuanzia mwaka 1983 vinanda vyenye jina lake, vikitengenezwa Japani na kampuni ya Tombo, vimeuzwa kwa mipango minne: ule wa kawaida, ule wa nyimbo uitwao Melody Maker, na miwili ya huzuni. Katika Melody Maker, so ya kupuliza ya tundu la tatu imepandishwa ikawa la, na fa zote mbili, ya tundu la tano na la tisa, zimepandishwa nusu sauti. Matokeo yake ni ngazi kamili kuanzia tundu la pili hadi la sita bila ya kupinda hata mara moja. Mpigaji wa rege, wa nyimbo za kanisa au wa kantri atashukuru. Sisi tulishukuru kwa wiki mbili. Kisha tukaanza kuhisi kwamba kila wimbo tulioupiga ulitoka safi mno, kama nguo iliyopigwa pasi pande zote. Hatusemi kwamba chombo kina kosa. Tunasema kwamba kimeondoa upinzani mahali pengi kwa pamoja, na mpigaji asiye mwangalifu huacha kufanya kazi.

Ule mpango wa huzuni wa kawaida ni wa werevu zaidi. Mi zote na ti zote zimeshushwa nusu sauti, basi. Kila kitu kingine kimebaki mahali pake. Anayepiga kwa kuifanya so kuwa nyumbani hupata fungu la huzuni katika kuvuta, na njia za pumzi alizozizoea kwa miaka mingi zinabaki zile zile. Kinywa hakijifunzi lugha mpya. Kinasema lugha yake kwa huzuni.

Lakini mpango ambao kwa maoni yetu unastahili sifa kuliko yote ni ule ulioenezwa na Brendan Power, mpigaji wa kutoka New Zealand, ambao huitwa Paddy Richter kwa mzaha wa jina la Kiayalandi. Muziki wa kuchezea wa Ayalandi, hasa zile rili zinazokwenda mbio, hauna subira na mtu anayepinda. Sauti zake ni fupi, sawasawa, zikifuatana kama shanga, na la ya chini huhitajiwa kila mara. Mwenye kuitafuta la hiyo kwa kupinda tundu la tatu ataipata, lakini ataipata akiwa amechelewa, na ikiwa na ukungu wa bluzi ambao wimbo haukuuomba. Power alifanya nini? Alikichukua kile kilimi cha so kilichorudiwa, cha kupuliza tundu la tatu, akakipandisha sauti nzima kikawa la. Hakugusa kingine.

Tuyapime yaliyopotea. So haikupotea, kwani imebaki kwa kuvuta tundu la pili. Ile ti ya tundu la tatu bado inapindika nusu sauti, na hiyo ndiyo sauti ambayo mpiga bluzi anaihitaji zaidi. Ziada ya chini yake imekwenda. Fungu la kupuliza do, mi, so limeharibika, likawa do, mi, la, ambalo lina huzuni kidogo na lina matumizi yake. Kwa hasara hiyo ndogo pengo moja kati ya mawili ya chini limezibwa. Fa ya chini bado haimo, na Power aliiacha isiwemo. Hapo ndipo tunapoona mkono wa mhakiki ndani ya kazi ya fundi: alitafuta mahali ambapo mpango wa zamani ulikuwa na kitu cha ziada, akatoa hapo, asitoe mahali pengine. Anayetaka kuyasikia matokeo yake aitafute rekodi yake iitwayo *New Irish Harmonica*, ambamo rili zinakimbia bila ya kuonyesha mshono.

Kuna hoja inayopinga yote tuliyoyasema, nayo haina budi kujibiwa. Mnamo mwanzo wa miaka ya 1970, Howard Levy, Mmarekani aliyekuja kujulikana zaidi na bendi ya Béla Fleck and the Flecktones, alikuwa akiiendeleza njia ya kupuliza kwa namna ambayo kilimi cha kupuliza hunyamaza na kile cha kuvuta hulia juu kuliko kawaida yake. Njia hii ilikwisha sikika kwa bahati katika rekodi ya Blues Birdhead ya mwaka 1929, lakini Levy ndiye aliyeifanya kuwa utaratibu. Kwa kuunganisha njia hiyo na kupinda, sauti zote kumi na mbili za kila oktava hupatikana katika kinanda cha Richter ambacho hakikuguswa na tupa. Wafuasi wake husema: upungufu haumo katika chombo, umo katika mpigaji. Anayekwangua vilimi amekimbia mazoezi.

Hoja hii ina nguvu, na upigaji wa Levy katika jazi ni ushahidi usioweza kupuuzwa. Hata hivyo inachanganya mambo mawili: kuwapo kwa sauti na hali ya sauti. Sauti iliyopatikana kwa njia hiyo haina mwili sawa na ile ya kilimi kilichoachwa kilie kwa hiari yake. Katika jazi, ambako tofauti ya rangi kati ya sauti na sauti ni sehemu ya mazungumzo, hilo si tatizo. Katika rili ni tatizo kubwa. Kipimo, basi, kiwe aina ya muziki wenyewe unataka nini. Ushujaa wa mpigaji hauwezi kuwa kipimo. Yupo atakayeuliza kwa nini tusishike kile kinanda kikubwa chenye kitufe pembeni, ambacho Larry Adler na Toots Thielemans walikipigia, na ambacho kina sauti zote. Kina sauti zote, ni kweli. Hakina kilio kile cha kupinda, wala mafungu yale ya kuvuta.

Hapa ndipo mwanaisimu anapoweza kuwasaidia wanamuziki, kwani lugha yetu imekwisha pita njia zote mbili. Kiswahili kilipopokea maneno yaliyokuwa na sauti ambazo hakikuzizoea, au mikusanyo ya konsonanti ambayo hakikuivumilia, mara nyingi kiliyapinda maneno hayo. Kiliingiza irabu, kikafunga mwisho wa neno kwa irabu nyingine, na kitab cha Mwarabu kikawa kitabu, kisha, kwa ujasiri mkubwa zaidi, kikazaa vitabu kama kwamba kilizaliwa katika ngeli ya ki-vi. Shule, neno lililosafiri kutoka nchi ile ile iliyotuletea kinanda, liliingia kwa mlango huo huo. Hii ndiyo njia ya Little Walter: orodha ya sauti haibadiliki, bali kinywa hujifunza kuzunguka pengo, na mzunguko wenyewe huwa mtindo.

Mara nyingine, hata hivyo, Kiswahili kiliongeza vilimi. Dh, th na gh, kama katika dhahabu, thelathini na ghali, ziliingia kutoka Kiarabu zikakaa, angalau katika usemi sanifu na katika vinywa vya Waswahili wa pwani. Kh nayo iligonga mlango, ikafunguliwa nusu, na wengi wetu leo husema habari bila ya kukwaruza koo. Kwa nini moja ikakaa na nyingine ikayeyuka? Swali hilo lina majibu mengi, na jirani wa kh, yaani h, alikuwa tayari kuipokea kazi yake. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba sauti mpya haikai kwa sababu imeletwa. Hukaa pale ambapo kuna kazi ambayo sauti nyingine haiifanyi. Tukitumia kipimo hicho kwa vinanda, la ya Power itadumu, kwa kuwa so iliyoondolewa ilikuwa na pacha wake. Mipango mingine tuliyoiona, ambayo huvipanga upya vilimi vyote ishirini ili sauti zifuatane kwa duara bila ya pengo lolote, ina mantiki nzuri sana juu ya karatasi, na humlazimu mpigaji ajifunze kusema upya tangu kunena kwa mtoto. Wapo waliojifunza. Hatuwabezi.

Tungeonya, hata hivyo, dhidi ya kuuchukua mlingano huu na kuupeleka katika ule mgogoro wa ushairi ambao wasomaji wa jarida hili wanaujua mno. Kuna mwenzetu aliyetuambia, aliposikia habari hizi, kwamba Richter ni Amri Abedi na *Sheria za Kutunga Mashairi* zake za mwaka 1954, na kwamba mipango mipya ni *Kichomi* ya Kezilahabi ya mwaka 1974. Ni mzaha mzuri, lakini haufai kuaminiwa. Kinanda kilichopangwa upya hakijawa huru. Kina sheria nyingine, na tena kali. Anayekishika hugundua kwamba fungu fulani haliwezekani tena, na kwamba wimbo fulani umefungiwa nje. Kama ni lazima tufananishe, basi ni kuhama kutoka bahari moja hadi nyingine, na kila bahari ina mawimbi yake.

Tumalizie kwa jaribio letu wenyewe, kwani mhakiki asiyekubali kuchafua mikono hana haki ya kuwahukumu mafundi. Ule mpango wa pili wa huzuni tulioutaja, ambao mi na la zimeshushwa nusu sauti huku ti ikibaki juu, ulikusudiwa upigwe do ikiwa nyumbani, na huwafaa sana wapigaji wa nyimbo za Ulaya ya Mashariki. Tulikinunua bila ya kusudi maalum. Siku moja tulianza kupiga kutoka so ya tundu la sita badala ya do, tukapanda: so, la iliyoshushwa, ti, do, re, mi iliyoshushwa, fa, so, hadi tundu la tisa, bila ya kupinda popote. Tulisita, tukarudia polepole. Hiyo ni Hijaz. Yeyote aliyekulia karibu na santuri za taarabu hahitaji kuambiwa jina lake. Ile nafasi pana kati ya sauti ya pili na ya tatu humwita kabla hajafikiri. Fundi alikuwa amefunga ndani ya kinanda cha watu wengine kitu cha pwani yetu, kama vile Richter alivyofunga bluzi ndani ya muziki wa vijijini, naye hakujua.

Furaha haikudumu. Wimbo tuliotaka kuupiga, wimbo wa harusi tuliousikia mara nyingi kutoka kwa mama zetu wadogo, ulitoka ukiwa na maneno sahihi na lafudhi ya mgeni. Ilituchukua siku kadhaa kuitambua sababu. Nafasi ile pana, kwa wapigaji wa udi na fidla wanaofuata maqamu za Kiarabu, huwa finyu kidogo kuliko ile ya piano: sauti ya pili hukaa juu kidogo, ya tatu chini kidogo. Mpiga udi hurekebisha kwa ncha ya kidole, kwa kuwa shingo ya udi haina vizuizi. Kinanda chetu kilipangwa kama piano. Na hapa kile tulichokisifu katika bluzi hakikutusaidia, kwani ti ya tundu la saba haipindiki kwa kuvuta. Kilimi chake cha kupuliza kiko juu yake, na kupinda huhitaji jirani wa chini. Levy mwenyewe asingetufaa hapo, kwa kuwa njia yake hupandisha, nasi tulitaka kushusha.

Kwa mara ya kwanza, basi, hatukuwa na budi ila kushika tupa. Tulikwangua shina la kilimi cha ti, mara mbili, mara tatu, tukasikiliza. Kilishuka. Tukakwangua tena, kikashuka kupita kiasi, tukakwangua ncha ili kipande, kikapanda mno. Kwa siku moja tu, Jumamosi moja jioni, kilikuwa pale kinapotakiwa, na mtu wa nyumbani aliyekuwa jikoni aliuliza nani amefungua redio. Tukaona tukisahihishe kidogo zaidi. Shaba iliyokwanguliwa pande zote mbili huwa nyembamba kama karatasi, na usiku ule ule ilipasuka.

Kilimi kingine hatujakipata. Kwa sasa tunaupiga wimbo ule kwa kuliruka tundu la saba: tunaikaribia sauti ya tatu kutoka chini, tunakaa kidogo juu ya ile ya pili, kisha tunashukia do moja kwa moja. Mama mdogo mmoja aliyetusikia alisema kwamba zamani kule kwao waliuimba hivyo hivyo.